Ngozi ya Mbuzi Kidoleni

…na hata nikiuzungusha ukanda huu mpaka upande wa kiganja atauona tu, maana Sista hatazami mikono kama watu wengine, anaigeuza, anabonyeza kucha, ananusa hata, sasa yuko mwanzo wa mstari kwa wapishi, Mungu wangu, mstari wenyewe leo mfupi, "Kucha refu hii, kata," anasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, mpishi anajibu ndiyo Sista, kila asubuhi tunapangwa hapa barazani mwa hospitali chini ya picha ya Kwini mpya wa Uingereza, aproni zimepigwa wanga mpaka zinasimama zenyewe, tunakaguliwa kama ng'ombe wa mnadani, na sheria naijua, mimi ndiye niliyewasomea wenzangu, hakuna bangili, hakuna shanga, hakuna hirizi wala kamba ya namna yoyote, isipokuwa pete ya ndoa, kwa sababu ya vidudu, kumbe vidudu vinaheshimu ndoa, vikiona dhahabu vinapita mbali… kidole cha kati, mkono wa kulia, ukanda wa ngozi ya mbuzi, mwembamba, mama alinivisha Jumapili kule Ilongero, alingoja kwanza nitoke kanisani, ana adabu mama yangu, ndipo akachinja, akafanya tambiko lake, akakata kanda mbili, mmoja wa Dina mwanangu, mmoja wangu, "Usiuvue, mwanangu, utakatika wenyewe ukichoka," nikamwambia mama, mimi nimebatizwa, naitwa Lea, akanitazama, "Mtoto anaungua homa, wewe unanitajia jina?"… "Dada Lea," ni Yeremia huyo, dresa wetu, mfunga vidonda, ananong'ona nyuma ya shingo yangu, "leo mbuzi wako atalia hapa hapa," nyamaza Yeremia, "funga bendeji, sema umejikata," atafungua aone kidonda, "basi umeze, nyama ni nyama," na Anastasia hapa kushoto kwangu anabana kicheko, yeye amebandika medali ya Bikira Maria kwa pini ndani ya aproni, wote tunajua, "Yangu imebarikiwa na padri, dada," aliniambia jana, nikamjibu yangu imebarikiwa na mama, akafanya ishara ya msalaba haraka haraka kama aliyekanyaga nyoka, na Sista mwenyewe ana msalaba shingoni, akiinama unachungulia nje ya kola kama mjusi, kisha unarudi ndani, hakuna anayemkagua… amefika kwa wafagiaji… Dina yumo wodini nyuma ya ukuta huu, jana degedege lilimkunja mpaka macho yakageuka meupe, nami nilisimama mlangoni, mlangoni! kwa sababu mfanyakazi hamhudumii ndugu yake, hiyo nayo sheria, Sista alimchoma sindano mwenyewe, taratibu, lazima niseme kweli, akamfuta jasho, akauliza bendeji ya kidole chake, niliyoufichia ukanda, ni ya nini, nikasema amejiunguza kwa uji, akaniamini, ndilo baya, akiuona wangu ataukumbuka na ule, atakwenda na mkasi… Yeremia aliwahi kukata ukanda wa mama mmoja wa Mkiwa, kwa mkasi wa bendeji, ukaanguka ndooni, na yule mama alipona, akaondoka kwa miguu yake, nilimwona, hilo nalijua vizuri, lakini kila nikimkumbuka simwoni akiondoka, namwona ameitumbulia macho ndoo… wakinifukuza nitakuwa mgeni, nitamwona Dina saa ya wageni tu, jioni, nikiwa nimebeba bakuli, na kama degedege litakuja asubuhi… "Mikono," anasema Sista, si kwangu, bado wawili… vua basi, Lea, si husemi huamini? si ndivyo unavyowahubiria akina mama kliniki, ngozi haishushi homa, dawa ndiyo inayoshusha, umesema hivyo kwa sauti kubwa, kidole gumba kimeshaushika, sabuni imeulainisha, unateleza, nikiuvuta kidogo tu unatoka, utaingia mfukoni, nani atajua… nikiuvua Dina akapona nitasema ni sindano, nikiuvua akafa… akifa nitaamini, nitaamini mpaka nizikwe, kila mbuzi, kila mzimu, nitaamini kila kitu, na kidole gumba hakivuti, kimegoma, siamini na hakivuti… kwa sababu sindano si yangu, kitambaa cha jasho si changu, kitanda chake natandikiwa na Anastasia, mimi ninayewaosha watoto wa watu nimeambiwa nikae mlangoni kwa wangu, katika ugonjwa wote huu wa Dina ni mama peke yake aliyenipa kitu cha kufanya, akasema usiuvue, basi, kazi yenyewe hiyo, kutouvua, na hiyo nayo nimpe Sista?… ataniuliza hii nini, nitasema nini, nitasema ni uchafu, Sista? nitasema ni mila za kijinga za mama yangu?… hapana, nitasema ni sala, Sista, ya nyumbani kwetu, ukisema osha nitaosha, nitasugua kwa brashi mpaka damu, lakini hii sivui, na ule wa mtoto hukati… "Dada, ficha," ananong'ona Yeremia, hachekeshi tena, "Lea, ficha, yuko hapa," yuko kwa Anastasia, anabonyeza kucha zake, moja moja, hajanitazama, na mikono yangu imekwisha toka nyuma, iko mbele, vidole vimetanuka, sijaitwa bado…