Pikapu Iliyokwenda Ikoma

Yasmini aliiuza pikapu ile kabla ya mfungo, na kusema kweli hakuikumbuka sana baada ya hapo. Ilikuwa kubwa, ya kubebea mizigo mizito, iliyoagizwa ng'ambo ikiwa imeshatumika. Kwa miaka aliyokuwa nayo ilimpelekea mchele, mafuta na viazi kutoka duka lake la Tarime mjini hadi kwenye hoteli za watalii karibu na geti la Ikoma la kuingilia Serengeti, na haikuwahi kumsumbua. Hoteli zile zilipoanza kununua Mwanza, akaona haina kazi tena. Mnunuzi alikuwa Venant, mkulima wa Ikoma aliyetaka kuingia kwenye usafirishaji. Siku ya kuichukua aliizunguka akiigusa ubavuni kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

Kilichobaki kwa Yasmini ni kundi la WhatsApp. Wenye magari ya aina ile walikuwa wanaelekezana humo mafundi na spea, naye hakuwa amejitoa. Asubuhi moja, akimpimia mteja maharage, alifungua simu akakuta ujumbe mrefu. Kiwanda kilikuwa kimetangaza huko ng'ambo kwamba magari ya toleo lile yarudishwe yakarekebishwe. Kuna bushi ndogo ya plastiki inayoshika waya wa gia, na ikichakaa waya unachomoka. Dereva anaegesha, anaweka gia kwenye P, anaiona P kwa macho yake, kumbe gari halijafunga.

Chini ya ujumbe ule malalamiko yalifuatana. Mtu wa Arusha gari lake lilikuwa limevunja ukuta wa jirani. Mwanamke mmoja wa Kahama, Tabitha, aliandika kwamba kaka yake alikuwa akishusha mahindi nyuma ya gari, likamrudia, likamvunja mguu.

Mteja alilazimika kumkumbusha maharage yake.

Alimtumia Evance, fundi aliyekuwa akilihudumia gari lile, picha ya kadi ya gari iliyobaki kwenye simu yake. Evance alilinganisha namba ya chesisi na zile za kwenye tangazo, akamjibu kwamba imo. Yasmini akampigia Venant. Hakupatikana. Akapiga ofisi ya Mwanza ya kampuni inayouza magari hayo mapya, na kijana mwenye sauti ya upole akamweleza kwamba magari yaliyoagizwa na watu binafsi hayawahusu. Akampigia Venant tena. Siku nzima iliisha hivyo, mkono mmoja kwenye mizani, mwingine kwenye simu.

Nyumbani Turwa, mumewe Dullah, ambaye ni fundi cherehani, alimsikiliza huku akimalizia upindo wa suruali. Akamwambia gari likishauzwa lina mwenyewe, na mwenyewe ana macho.

"Hukumficha kitu, Mama Ikram," alisema.

"Sikumficha," alijibu Yasmini. "Lakini sasa najua, na yeye hajui."

Dullah alikata uzi kwa meno. Asubuhi alimsindikiza mpaka kwenye teksi za Probox za kwenda Nyamongo.

Alianzia machimbo ya Nyakunguru, huko Nyamongo, maana alikuwa amesikia kwamba Venant anawabebea wachimbaji wadogo mifuko ya mawe ya dhahabu. Alizunguka kwenye vumbi la mashimo akiuliza, mpaka akaelekezwa kwa Wegesa, mama lishe anayewapikia wachimbaji. Wegesa alimjua Venant vizuri. Alisema ameondoka mapema kwenda kwao na shehena ya matofali ya kanisa, yeye na mkewe Pudensiana. Kisha akaongeza, akigeuza chapati, kwamba gari lile lina wazimu. Juzi lilisogea lenyewe likagonga pipa lake la maji. Venant alicheka akasema ni mteremko.

Yasmini hakungoja amalize. Njia yote ya kwenda Mugumu aliitazama simu, na mtandao ukija na kukatika. Mugumu akapanda bodaboda ya kwenda Ikoma, akamwomba dereva aongeze mwendo, halafu akamwomba apunguze, halafu aongeze tena, mpaka dereva akamwuliza kama anakwenda msibani.

Aliiona pikapu kabla ya kuliona kanisa. Ilikuwa imesimama juu ya kilima kidogo, mgongo umeelekea bondeni, na nyuma yake wanawake wakipokezana matofali. Yasmini aliteremka kwenye pikipiki, akapita katikati yao bila salamu, akaokota matofali mawili na kuyasukumiza nyuma ya magurudumu. Wanawake wakaacha kazi wakimtazama.

Venant alitoka kivulini. Alimwamkia shikamoo, maana Yasmini alimzidi umri, kisha akauliza kuna nini. Yasmini alimweleza yote: tangazo, bushi, P ya uongo, mguu wa kaka yake Tabitha. Alieleza haraka mno, akirukaruka, na alijisikia mwenyewe kwamba hasikiki kama mtu wa kuaminika. Uso wa Venant ulibadilika kidogo kidogo.

"Umepata mnunuzi mwingine," alisema.

"Silitaki gari lako, Venant. Nataka watu watoke nyuma yake."

Venant akawaambia wanawake wakae pembeni. Aliondoa matofali, akashusha gari taratibu mpaka chini ya kilima, akaligeuza likaelekea mteremko mwingine mahali pasipo na mtu, akaweka P, akaachia handibreki. Gari halikusogea. Akarudia. Halikusogea. Mara ya tatu aliteremka kabisa, akaupiga mlango teke. Gari likatulia pale pale kama nyumba. Kuna aliyecheka, na wanawake wakaanza kujifunga kanga zao vizuri warudi kazini.

Yasmini alisimama pale na aibu yake. Kwa muda alitamani lisogee, kisha akaogopa kwamba ametamani hivyo.

Pudensiana akasogea mbele. Alikuwa mpishi wa hoteli, mwanamke wa maneno machache, na alimwambia mumewe mbele ya watu wote:

"Juzi pale kwa Wegesa hapakuwa na mteremko. Nilikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu ulilipenda sana."

Venant alitazama chini. Hakukubali kwamba gari ni bovu, lakini alikubali kwamba hatalisimamisha popote bila kuweka mawe nyuma na mbele. Alisema anafanya hivyo kwa ajili ya mkewe. Yasmini alirudi Tarime bila amani. Siku zilizofuata kila gari lililorudi nyuma mtaani lilimshtua dukani, na usingizi wake ulikuwa wa kukatika.

Kisha Venant akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa mnadani Ikoma, watu wakipandisha mbuzi, gia iko P, gari likaondoka. Lilipanda jiwe la kwanza, likakwama kwenye la pili. Nyuma yake alikuwa Pudensiana.

"Hajaumia," alisema, na akarudia, "hajaumia, dada."

Walikutana Mwanza, kwenye ile ofisi ya magari mapya. Mhudumu aliuliza gari ni la nani. Venant akasema lake, Yasmini akasema lilikuwa lake. Mhudumu akawaeleza maneno yale yale ya yule kijana wa simu, kwa upole ule ule. Venant alikuwa ameshainuka. Yasmini akabaki kwenye kiti, akafungua kundi la WhatsApp, akaanza kusoma kwa sauti ya kawaida, moja baada ya jingine: ukuta wa Arusha, mguu wa Kahama, na ule aliouandika yeye mwenyewe, mbuzi wa Ikoma. Waliokuja kununua magari wakaacha kuangalia vipeperushi. Mzee mmoja alimwomba arudie lile la Kahama, kwa sababu na yeye alikuja kwa ajili ya gari la aina hiyo hiyo.

Meneja akatoka ndani. Hakuomba radhi, ila aliandika namba ya chesisi na kusema bushi zitaagizwa. Yasmini akamwambia aandike na ile ya Kahama, aliyokuwa ametumiwa na Tabitha, akamsomea.

Zilikuja baada ya Idi. Evance alikwenda Ikoma mwenyewe kuifunga ya Venant, kazi ya muda mfupi kuliko chai aliyoandaliwa na Pudensiana. Ile nyingine Yasmini aliifunga kwenye kitambaa alichopewa na Dullah, akaituma Kahama kwa basi.

Tabitha alimpigia alipoipokea. Alisema amekaa nayo mkononi, ni nyepesi, hata kidole cha mtoto ni kizito zaidi. Yasmini alimwuliza hali ya kaka yake. Tabitha akasema ameanza kutembea kwa fimbo mpaka mlangoni, lakini gari bado halitazami, na hajui kama siku moja atalitazama.