Pengo Kwenye Tuta

Vijana wa siku hizi wanaendesha gari utadhani barabara imewakosea. Nina haki ya kusema hivyo. Niliendesha lori la majani chai kwenye barabara hii miaka thelathini na moja, kutoka kituo cha kupimia majani hadi kiwandani na kurudi, na sikukanyaga hata kuku. Barabara yenyewe inatoka Kebirigo, inateremka mpaka mtoni, kisha inapanda kona baada ya kona, chai huku na chai kule. Upana wake ni lori moja na mtu mwembamba. Hawa wenye magari ya Probox wanaipita mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu, na muziki unafika kabla yao.

Basi kila alasiri mimi husimama kwenye kona iliyo juu ya boma langu, nimeshika sweta nyekundu iliyotoboka viwiko. Nikisikia gari, ninaiinua. Wengine wanapunguza mwendo, wengine wananipigia honi, wengine wanacheka tu. Wamenipa jina, Trafiki. Sijali. Mimi ni Ochoki, nina miaka sabini na miwili, magoti yananiuma, na sina haja ya kupendwa na mtu wa miaka ishirini.

Sweta ni ya mwanangu Momanyi, ya sekondari. Aliiacha ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Na afadhali niseme ukweli mapema: sisimami pale kwa ajili ya usalama peke yake. Gari lolote linalotoka Kebirigo huenda ndilo lililombeba. Miaka tisa sasa, injini ikipungua kasi pale darajani, moyo unanienda mbio, nasema ni yeye. Halafu gari linatokea, ndani mna mikungu ya ndizi na akina mama wa soko, na mimi nainua sweta kwa hasira ambayo dereva hajui imetoka wapi.

Mke wangu Kemuma alifariki Momanyi akiwa darasa la tatu. Sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto baada ya shule, kwa hiyo nilimweka kwenye lori. Alikua pale, kati ya gia na mlango, akinusa majani mabichi. Kazi ya nyumbani aliifanyia magotini, ndiyo maana mwandiko wake haujanyooka mpaka leo. Akilala aliniegemea begani upande wa kushoto, nami nikabadilisha gia polepole ili asiamke. Bega hilo hadi sasa nikikaa peke yangu linahisi kama limesahauliwa.

Enzi zile barabara hii ilikuwa na sheria moja, na ilikuwa yangu. Nikikaribia kona napiga honi mara mbili. Aliye barabarani anaingia kwenye chai kinyumenyume, uso kwenye barabara, mkono wa kushoto juu, ili nikishapita nimwone kwenye kioo na kumhesabu. Niliwafundisha watoto wote wa mteremko huu, na wa kwanza alikuwa Momanyi. Wageni walistaajabu kuona mikono inainuka kwenye chai, nami nikajivuna. Lori langu halikupunguza mwendo hata siku moja. Waliosogea ni watu. Hilo sikuliona kuwa kosa, na nilichelewa sana kuliona.

Momanyi alipofika miaka ishirini na miwili alipata kazi ya kuendesha Probox ya tajiri mmoja, kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili. Alikuwa na mbio. Nilimgombeza kila jioni, naye akacheka na kuniambia, "Tata, si napiga honi?" Kwetu Tata ni baba. Na kweli alikuwa akipiga, mara mbili, vile vile nilivyomfundisha.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, jirani yangu Phanice alikuwa akipanda na mzigo wa nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, kichwani. Nepia mbichi huning'inia hadi mabegani na kufunika masikio, na ukitembea husikii kingine ila majani yanayosuguana. Momanyi alipiga honi akingoja barabara ifunguke. Haikufunguka.

Mimi nilikuwa nyumbani nakata kuni. Nilisikia honi mbili, kisha nikangoja kusikia gari likipita. Halikupita. Nilitupa shoka nikakimbia. Gari lilikuwa linanguruma peke yake, mlango wazi, nepia imetapakaa kila mahali, na Phanice yuko mtaroni anaita jina la Yesu. Mwanangu hakuwepo. Chai ya upande wa bonde ilikuwa bado inatikisika mahali alipopita. Sikumfuata. Nilimbeba Phanice, nikamweka kwenye gari lile lile, nikaendesha hadi hospitali Kisii, na huo ndio mwisho wangu wa kushika usukani.

Phanice alipona, ila nyonga haikurudi mahali pake. Anatembea na mkongojo. Zamani alikuwa akienda Daraja Mbili na ndizi zake mara mbili kwa wiki na hakuna aliyemshinda kwa bei. Siku hizi anauzia langoni. Jumapili ya tatu nilipomtembelea wodini aliniambia, "Baba Momanyi, kesi sitaki. Ng'ombe yako sitaki. Mimi nataka huyo mtoto akuje asimame mbele yangu, anione."

Nikamwambia nitamfikishia. Sikumfikishia.

Momanyi hunipigia simu kila Jumamosi, siku yetu ya Sabato, watu wakishatoka kanisani. Yuko Nakuru, anabeba mifuko ya simiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tunaongea habari za mvua, za majani, za ng'ombe. Hajawahi kuuliza juu ya Phanice, na mimi sikumwambia lolote. Nilitaka aje bila kuitwa. Nilikuwa na hasira: nimlee mtoto kwenye lori, nimfundishe kuhesabu watu mmoja mmoja, halafu amwache mtu mtaroni? Nikasema akija mwenyewe nitajua bado ni wangu. Basi nikakaa na hasira yangu, naye akakaa na woga wake, na kila Jumamosi tukaulizana kama mvua imenyesha.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, kijana mmoja anayeitwa Nyangau alikosa kona. Probox yake ikaingia kwenye shamba la Phanice na kung'oa mashina kumi na manne ya chai. Alitoka ndani akicheka, akajipiga picha. Nilimfikia nikihema.

"Kijana, hapa hupita watoto wa shule."

"Omogaka, relax, mzee. Hakuna mtu ameumia."

"Leo."

"Si nilipiga honi?" akasema, akarudi garini.

Nilibaki pale kwenye chai iliyong'oka na sweta mkononi, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno hayo jinsi yalivyo.

Jumapili iliyofuata tulikutana wote tunaoishi kando ya barabara, tukakubaliana kujenga tuta la kupunguza mwendo hapo kwenye kona, mbele ya lango la Phanice. Serikali tungeingoja hadi tuzikwe. Utaratibu ukawa ule wa siku zote wa kazi za pamoja: kila boma lilete mawe yake, na mtoto wa boma hilo ayapange kwa mkono wake, ili kesho asiwepo wa kusema tuta si lake. Watu walikuja na matoroli, na wengine mawe kichwani. Hata Nyangau alipangia boma lao, mama yake amemsimamia, mikono kiunoni. Mimi nilileta yangu mapema, mawe meusi ya mtoni. Zamu yangu ilipofika, sehemu ya mwisho karibu na lango, nikapiga magoti niyapange mwenyewe. Mkongojo ukashuka juu ya mkono wangu.

"Hapo acha," Phanice akasema. "Hapo ni pa Momanyi."

Nikainuka, nikayarundika mawe yangu kando ya ua wake, nikaenda nyumbani bila kunywa uji wa kazi.

Kwa hiyo tuta letu lina pengo, upana wa hatua moja hivi. Wenye pikipiki waliligundua siku ile ile. Nyangau alichukua siku mbili: anapitisha magurudumu ya upande mmoja kwenye pengo, ya upande mwingine yanaparamia, na mwendo ni ule ule. Wiki ya pili pikipiki iliyopita hapo ilimkosa mtoto wa shule kwa shibiri. Nilikwenda kwa Phanice nikiwa nimewaka.

"Hilo pengo litaua mtu. Niruhusu nilizibe."

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga za chinsaga. Hakuinua kichwa.

"Liko na mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo."

"Ulimwambia namuita?"

Nilitazama kuku wake.

"Miaka tisa, Baba Momanyi," akasema. "Mimi nilidhani amekataa. Kila nikiona hii mguu nasema, huyo mtoto amenikataa. Kumbe hata hajui."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningejua pa kushika. Aliendelea na mboga zake, na mimi nikarudi nyumbani kwa njia ya shambani ili nisionane na mtu.

Jumamosi simu ilipolia sikungoja habari za mvua. Nilimweleza yote: wodini, mkongojo, tuta, pengo. Upande wa pili nilisikia kelele za barabara kubwa ya Nakuru. Kisha nikamwambia neno ambalo sikuwa nimejiambia hata mwenyewe.

"Nilikufundisha honi, Momanyi. Breki sikukufundisha. Kukimbia ni kosa lako. Lile lingine ni langu."

"Tata," akasema. Simu ikakatika.

Jumamosi iliyofuata hakupiga. Iliyofuata pia. Niliweka simu juu ya meza, nikaiangalia hadi jua likazama na Sabato ikaisha. Nilijilaumu kwamba nimempoteza hata yule wa kwenye simu, yule wa mvua na majani, ambaye alikuwa ananitosha kuliko nilivyojua. Nilimtamani mtoto wangu kwa namna ambayo mzee haambii watu. Nilikuwa nikipita karibu na ule msumari nyuma ya mlango nasimama. Kwenye kona nikawa nafika mapema zaidi, nasikiliza kila injini tangu darajani, naijua ya nani kabla haijatokea, na hakuna iliyokuwa yake.

Ijumaa ya wiki ya tatu, alasiri, watu wakiwa wanaharakisha kazi kabla Sabato haijaingia, nilisikia Probox ya Nyangau ikianza kupanda. Nikatoka katikati ya barabara na sweta yangu. Kati yangu na mwanzo wa kona palikuwa na mtu anapanda kwa miguu, kofia imeshuka usoni, begi mgongoni, amekumbatia kitu kizito tumboni. Anatembea katikati kabisa ya njia, kichwa chini. Nikamkemea.

"We kijana. Toka barabarani."

Honi ikalia kwenye kona, mara mbili. Yule mtu akaingia kwenye chai. Aliingia kinyumenyume, uso kwenye barabara, na mkono wake wa kushoto ukainuka juu. Wa kulia ulikuwa umeshikilia jiwe.

Sweta sikuiinua. Nilisahau kuwa ninayo. Nyangau alitokea kwenye kona akanikuta nimesimama kama nguzo, na sijui ni Mungu au ni woga, alifunga breki gari likasimama hatua mbili kutoka magotini pangu. Alitoa kichwa dirishani aseme kitu, akaniona uso, akarudisha kichwa ndani.

Momanyi alishusha mkono. Amekonda. Ana mvi tatu nne kidevuni, mtoto wangu, na mimi sikuwepo zilipoota.

"Umekuja na nini?" nikamuuliza. Ndilo neno nililopata baada ya miaka tisa.

"Na miguu, Tata. Basi imenishusha hapo Kebirigo. Hii barabara nilitaka niitembee." Akatazama jiwe. "Hili nimetoa mtoni."

Miaka tisa nimesikiliza magari, naye alikuja bila sauti.

Phanice alikuwa ametoka langoni. Momanyi akamwendea akasimama mbele yake, jiwe tumboni, machozi yanamtoka wala hayapangusi kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi.

"Mama, nimekuja."

"Nimekuona," Phanice akasema. "Sasa na wewe uone."

Akageuka, akatembea. Hatua tano kwenda, hatua tano kurudi, polepole, mguu mmoja ukiburura changarawe, na hakuharakisha hata moja. Momanyi aliziangalia zote. Aliporudi mahali pake, Phanice alimwekea mkono kichwani, juu ya kofia, akauacha hapo muda kidogo. Kisha akaonyesha pengo kwa mkongojo.

"Weka."

Momanyi akapiga magoti katikati ya barabara. Mimi nikaenda kwenye ua, nikaanza kumletea yale mawe yangu meusi, moja moja.

Nyuma yetu Nyangau akapiga honi, mara mbili.

Phanice hakugeuka. "Mwambie angoje," akasema.

Nikaenda nikasimama mbele ya gari, nikainua sweta ya mwanangu kwa mikono yote miwili, na sikuishusha hadi jiwe la mwisho lilipokaa.