Sebastiani Hakuomba Msamaha

"Iko imekwisha hivyo?" Yasmina aliuliza.

"Imekwisha hivyo," alijibu Swabra.

"Soma tena. Labda umeruka."

"Sijaruka kitu!"

Swabra aliiweka simu juu ya robota la vitenge, akaisukuma mbali naye. Kwa wiki nyingi, kila alasiri, wanawake wa Magarama, mtaa wa Gitega, walikuwa wakija dukani kwake kusikiliza hadithi ya Kasilda na Sebastiani. Ilikuwa ikija kwenye simu kipande kwa kipande, na aliyeiandika ni mama mmoja wa Butihinda, huko Muyinga, jina lake Gaudensia. Swabra ndiye aliyesoma kwa sauti. Yasmina, jirani yake, aliacha hata sambusa zake ziungue ili asikose neno.

Sebastiani alimwacha Kasilda na mimba, akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Mtoto alizaliwa, akafa, na Kasilda akamzika bila yeye. Wote pale dukani walijua Sebastiani atarudi, maana hadithi ilikuwa ya mapenzi. Na kweli, katika kipande cha mwisho alirudi. Akabisha hodi, Kasilda akafungua, akampashia moto chakula, na penzi lao likaanza upya. Basi. Sebastiani hakusema lolote kuhusu mtoto. Hakusema lolote kuhusu chochote.

Yasmina alisonya, akarudi kwenye karai lake. Kwake hasira iliishia hapo. Kwa Swabra ndipo ilipoanza.

Mume wake, Houssein, alikwenda Bujumbura kutafuta maisha, akakaa huko miaka miwili na mwanamke mwingine. Aliporudi, aliletwa na kaka yake mkubwa, Uthmani, na ni Uthmani aliyesema yote. "Shemeji, mume wako amerudi. Tumshukuru Mungu." Houssein alikuwa anatazama viatu vyake. Swabra akatia chai, kwa sababu watu walikuwa wamekaa na chai ilitakiwa. Tangu siku hiyo Houssein alikula, akaswali, akatoka, akarudi, wala hakulitaja jambo lile hata mara moja. Na Swabra, kila alipofungua simu kusoma, alikuwa akimngojea Sebastiani aseme.

Alimwandikia Gaudensia kumlaumu. Jibu likaja fupi: "Asante kwa maoni, dada. Maisha ndivyo yalivyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha gari. Alifunga duka, akamwambia Houssein kwamba ana shughuli Muyinga, akashika njia ya Karuzi. Gari lilisimama mara nyingi kutafuta mafuta, na kila liliposimama yeye alizidi kuchemka. Muyinga mjini akachukua pikipiki hadi Butihinda, akaulizia, akaelekezwa shambani.

Gaudensia alikuwa anavuna maharage. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, simu yake ameichomeka kifuani ndani ya kanga.

"Mi ni Swabra wa Gitega," Swabra alisema, hata kabla ya salamu kwisha. "Nimekuja juu ya Sebastiani."

Gaudensia alimtazama kama mtu asiyejua acheke au akimbie. "Dada, umetoka Gitega yote kwa ajili ya hadithi?"

"Nimetoka. Kwa nini hakuomba msamaha?"

"Kwa sababu hawaombi. Nimeandika ukweli ninaouona."

"Ukweli mi niko nao nyumbani!" Swabra alipaza sauti hadi mama mmoja wa shamba la jirani akainua kichwa. "Ukweli huo unakula kwangu, unalala kwangu. Ningeutaka, ningefunga simu nikamtazama. Kwako nilikuja kutafuta kile sina. We umenibeba wiki zote hizo, umeniliza, nimemzika mtoto yule pamoja na Kasilda, halafu unampa bwana chakula cha moto? Kweli, vreman, mama, unatuonaje?"

Gaudensia alitupa chini mashina ya maharage. Sasa na yeye alikuwa amekasirika.

"Unafikiri sikujaribu? Nilimsimamisha pale mlangoni siku baada ya siku. Kila nikimfungua mdomo, hakitoki kitu! Mimi nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma. Nimeona wanaume wanaondoka, wanarudi, wanaoa wengine, wanarudi tena. Sijapata kumsikia hata mmoja akimwambia mkewe, nimekukosea. Baba yangu hakusema. Mume wangu alikufa hajasema. Hayo maneno ningeyatoa wapi? Nilichoka. Nikampa chakula, nikamaliza."

Swabra aliyatafuta maneno hayo kichwani mwake, kwa baba, kwa wajomba, kwa Uthmani. Na yeye hakuwahi kuyasikia. Hasira haikupungua, ila ilimwacha mwanamke yule aliyesimama mbele yake ikaenda kwingine, ikawa kubwa zaidi.

"Toa simu," alisema. "Andika. Mi nitakuambia anachotakiwa kusema."

Walikaa ukingoni mwa shamba. Swabra aliongea kama mtu anayegomba, na Gaudensia akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Aseme jina la kosa. Asiseme tu, mambo yametokea. Aseme, nilikuacha na mimba. Aseme, niliambiwa mtoto amekufa na sikuja."

"Atasema alikosa njia."

"Njia ilikuwepo! Aseme ilikuwepo. Aseme aliogopa kumtazama usoni. Na mzigo wake wa safari aushike mkononi, asiutue mpaka aambiwe."

"Na Kasilda amfukuze?"

"Amfukuze."

"Hapana, dada." Gaudensia aliinua kidole. "Hapo nakukatalia. Wewe mwenyewe ulingoja wapatane. Nikiwanyima hilo, wasomaji watanijia wote kama ulivyonijia wewe."

Ilikuwa kweli, na ilimuudhi Swabra kuwa kweli. Alikuwa amewataka wapatane tangu kipande cha kwanza.

"Bon, haya. Amfungulie," alisema hatimaye. "Lakini si siku hiyo. Aondoke, aje tena, aseme tena. Amfungulie siku ambayo Kasilda mwenyewe anataka."

Siku chache baadaye mwisho mpya ulifika Magarama. Swabra aliusoma dukani, na Yasmina akalia waziwazi, anajifuta kwa ncha ya mtandio. Houssein alikuwa amepita kuchukua ufunguo, akabaki amesimama mlangoni mpaka mwisho.

"Hakuna mwanaume anasema hivyo," alisema, akacheka kidogo. "Mambo ya vitabu hayo."

Hakuna aliyecheka naye.

Jioni, baada ya chakula, Houssein alikohoa. "Kama kuna kitu nilikukosea, basi..."

"Kama?" Swabra aliuliza.

Swabra aliinuka, akachukua mto na blanketi la Houssein, akaviweka sebuleni. Asubuhi Uthmani alipiga simu, sauti yake nzito ya mkubwa wa nyumba.

"Shemeji," Swabra alimkatiza, "nakuheshimu. Lakini safari hii usimsemee. Mdomo anao."

Akakata simu. Hakuwahi kumkatia simu Uthmani.

Houssein alilala sebuleni. Alinuna, akasusa chakula, akakirudia. Akamlalamikia Yasmina kuwa hadithi zinaharibu wake za watu, na Yasmina akamwambia anunue sambusa au apishe wateja. Swabra alimpikia kama kawaida na hakumwambia neno. Hasira aliyokuwa ameificha tangu siku ya chai ile sasa ilikaa wazi nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakujitahidi kuifunika.

Kisha asubuhi moja Swabra alikuwa anachambua mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, akasikia hatua. Houssein alisimama karibu na kizingiti. Aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake.

"Bujumbura," alianza, "niliishi na mwanamke. Ulinipigia simu mama yako alipougua. Niliiona. Sikupokea."

Alikwama. Jasho lilikuwa limemtoka usoni. Swabra hakumsaidia. Aliweka majani chini, akamtazama.

"Endelea," alisema.