Adabu ya Mtani

"Pole sana, Bwana Kasiani," alisema Zachariah, akaweka machungwa juu ya kimeza cha wodini, na papo hapo nikajua kwamba nakufa.

Kwa asiyetujua, maneno hayo hayana ubaya wowote. Lakini Zachariah ni Mhehe wa Iringa na mimi ni Mngoni wa Peramiho. Babu za babu zetu walichinjana wee mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Tangu tulipokuja pamoja Stockholm kusomea ufundi, mwaka wa sitini na nane, mtu huyu hakuwahi hata siku moja kuniita bwana. Aliniita mkimbizi, kwa kuwa Wangoni walitoka kusini mbio. Aliniita mla panya. Mimi nami, kwa kuwa Wahehe husemwa wanakula mbwa, kila alipokuja kwetu Tensta, nilimgongea mama wa Kiswidi wa mlango wa pili, nikamwomba amfungie mbwa wake ndani kwa sababu kuna Mhehe anapanda ngazi. Yule mama hakuelewa, ila mbwa alimfungia. Zachariah alikuwa akinisikia kutoka chini, anacheka mpaka anashika ukuta.

Sasa alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, kofia magotini, macho dirishani. Nje theluji ilikuwa imechakaa, nyeusi kandokando ya barabara. Aliniuliza kama ninapata usingizi. Akasema Mungu ni mwema. Kisha akanipa ncha za vidole badala ya mkono, akaondoka.

Nilimgeukia mke wangu. "Dafrosa, umemwambia."

"Nimemwambia," alisema. "Ningelibeba peke yangu mpaka lini?"

Watu wetu wote tulikuwa tumewaambia ni jipu. Jipu halimvunjii mtu heshima, linatumbuliwa, linasahaulika. Mimi nilikuwa na uvimbe chini ya chuchu ya kushoto, mgumu kama kokwa ya zambarau, na kwa miezi mingi niliilaumu kazi yangu ya kiwanda cha milango, maana kutwa nzima tuliiegemeza milango vifuani. Dafrosa ndiye aliyeona doa la damu kwenye fulana yangu. La kwanza alilifua akanyamaza. La pili akanishika mkono akanipeleka hospitali.

Chumba cha kungojea kilijaa wanawake tu. Nesi alitoka, akalisoma jina langu kwa taabu, akamtazama Dafrosa na kumkaribisha aingie kuvua blauzi. Dafrosa akasema si yeye, ni huyu. Chumba kizima kikanigeukia, halafu, kwa ule ustaarabu wa Waswidi, chumba kizima kikarudi kwenye magazeti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari, mzee mpole mwenye mikono ya baridi, alinieleza kwamba kansa ya titi huwapata wanaume pia, ila kwa nadra. Nikamwuliza kama haiwezi kuitwa jina jingine. Alidhani ninatania, akatabasamu.

Walilikata titi lote pamoja na nyama ya kwapani, wakanishona. Baadaye mionzi ikanibabua ngozi, mkono wa kushoto ukavimba, nikawa siwezi kunyanyua hata sufuria ya ugali. Yote hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni adabu ya Zachariah.

Alikuja kila Jumapili. Alibisha hodi taratibu, akavua viatu, akauliza hali yangu kwa Dafrosa kana kwamba mimi sipo. Nilipomwambia mbwa wa jirani yuko salama leo, alitikisa kichwa tu, akasema ni vizuri. Kwenye ubatizo wa mtoto wa Winifrida, Mtanzania mwenzetu, kule Spånga, nilimtukana mbele ya watu wote, matusi ya kwetu yale ya kuvuliana nguo kabisa. Watu walicheka wakamgeukia wasikie atanirudishia nini. Zachariah akainuka, akanisogezea kiti chenye mto.

Jamani, niliumia. Kule kwetu hata maiti hutaniwa. Mtani huingia kaburini, akajilaza humo, akagoma kutoka, akamsema marehemu kwa uvivu wake na ulafi wake, na waliofiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Mtu anataniwa mpaka udongo unapomfunika. Mimi nilikuwa nimeshushwa chini ya maiti. Nilijua anachokiona akinitazama: si Mngoni, si mwanamume, kitu gani hiki, bora kukinyamazia.

Majira ya kuchipua yalipofika nikasema liwalo na liwe. Nilipanda basi hadi Spånga, nikachukua treni ya mjini, kisha ile ndogo ya Saltsjöbanan mpaka Fisksätra, ambako Zachariah alikuwa amepewa nyumba mpya inayonuka rangi. Nilimkuta jikoni anakaanga samaki. Alianza kuvuta kiti. Nikamwambia akiache. Nikavua koti, nikavua shati, nikavua na fulana.

"Tazama," nikamwambia.

Alitazama sakafu.

"Zachariah, tazama. Mke wangu ameona, daktari ameona. Usipoona wewe, nani atajua nizikwe vipi?"

Akainua macho. Kovu lilikuwa bado jekundu, limetoka katikati ya kifua likaingia kwapani, na chini yake mbavu zinahesabika. Alilitazama muda mrefu. Samaki wakaanza kuungua na hakuna aliyewageuza. Machozi yakamshuka, akayafuta kwa mkono wenye unga.

"Babu zako tuliwaua kwa mikuki," alisema mwishowe. "Leo wewe unataka kuuawa na titi? Mkimbizi mkubwa wewe. Vaa nguo, unanitia kinyaa na samaki wangu wanaungua."

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Tulikula wale samaki na weusi wao, akanitukana mimi na ukoo wangu hadi treni ya mwisho. Nilirudi Tensta nikiwa mzima.

Nilipewa miaka minne mizuri. Nilirudi kiwandani kwenye kazi nyepesi, mkono ukapungua uvimbe, reli ya chini ya ardhi ikafika Tensta, mbwa wa jirani akafa kwa uzee na Zachariah akaja kutoa rambirambi kwamba nyama imepotea bure. Halafu mwaka huu mgongo ukaanza. Daktari ni mwingine, kijana, lakini mikono ni ileile ya baridi. Imeingia mifupani, alisema, na safari hii sikuomba jina jingine.

Jana Dafrosa alimpigia simu Zachariah. Leo mchana nilisikia viatu vyake kwenye ukumbi wa wodi, nikajikuta nimeshika shuka kwa mikono miwili. Sikuogopa kingine ila salamu yake.

Mlango ukafunguka. "Bado upo?" alisema kwa sauti kubwa, mgonjwa wa kitanda cha pili akashtuka. "Wangoni hata kufa mnachelewa? Sogea huko nikae."

Nikasogea, moyo umenitulia. Alinitukana vizuri, bila kukosea, mpaka jua likahama dirishani. Ila machungwa aliyoniletea yalikuwa kwenye bakuli, na alikuwa ameshayamenya.