Kipande cha Tatu Kimo Kabatini

1
TANGAZO
Kifaa chochote kisitolewe kabatini bila saini ya Mganga Mfawidhi. Mali ya umma itunzwe.
Zahanati ya Itendela

2
Mwanasesere wa mafunzo hana miguu, na nywele amechorwa tu. Wauguzi wamembatiza Subira.

"Subira hapumui," alisema Dokta Ngilangwa, mwalimu wao. "Sista Tunsume, unafanya nini?"

Tunsume alishika ambu, ule mfuko wa kubana unaompa hewa mtoto asiyepumua. Akabana. Kifua kikapanda. Loo! Akabana tena.

"Taratibu, mama, utampasua mapafu!"

"Kumbe ni kitu chepesi hivi?"

3
Kimo kabatini. Ufunguo anao mfawidhi.

4
Maswali ya Tunsume, nyuma ya daftari:
Kichwa kikilala vibaya, hewa inakwenda wapi?
Nitajuaje kama inaingia? (Tazama kifua.)
Mtoto anaweza kungoja dakika ngapi?
Na yule wa...

5
"Kwenu ambu iko wapi?" aliuliza Dokta Ngilangwa.

"Kabatini," Tunsume alijibu, tena kwa fahari. "Mpya kabisa. Hata nailoni yake hatujaitoa."

Hakuna aliyecheka. Wenzake saba wa zahanati nyingine walikuwa wameshajibu vivyo hivyo.

Nawe msomaji, usiwahukumu haraka. Vikombe vya wageni kwenu vinakaa wapi?

6
"Shikamoo, Mzee Mwasomola. Naomba tuitundike ambu ukutani."

"Marahaba. Ikiibwa je, Sista? Mfawidhi ni mimi, nitajibu nini wilayani?"

"Mzee, yule mtoto..."

Hakumuuliza mtoto gani. Aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

3
Mwaka jana, Jumanne. Mfawidhi yuko kikaoni wilayani, ufunguo anao. Tunsume anavuta kufuli kwa mikono miwili. Nyuma yake mama anamwita mwanawe.

Anamwita.

Anamwita.

Ambu ingemwokoa? Mpaka leo Tunsume hajui, na inamuuma.

7
TANGAZO
Chukua kwanza. Utasaini baadaye.
(Juu yake, msumari. Kwenye msumari, ambu.)

8
Alhamisi, saa nne asubuhi. Mama anaingia mbio, mtoto amelegea mikononi.

"Nesi, hapumui!"

Tunsume anaifikia ambu kabla mama hajamaliza kusema. Ananyoosha kichwa cha mtoto. Anafunika pua na mdomo kwa barakoa ya ambu.

Bana.

Mzee Mwasomola amesimama mlangoni, anahesabu kwa sauti. Mama anamwita mwanawe.

Bana.

Tazama kifua.

Bana.

Tazama. Kinapanda.