Nyuzi Chini ya Kapo ya Toyota

"Mama Nadège, ni gari yako njo inakataaka kwenda Beni, ao ni shofere wako njo mwoga?"

Hulda, jirani mshonaji wa nguo, aliuliza swali hilo siku ya Jumatano, saa moja ya asubuhi, akiwa amesimama kando ya ua na beseni la sombe, majani ya muhogo, kiunoni. Misa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Emérence, ambaye watu wa mtaa wanamwita Mama Nadège, alikuwa anaosha vioo vya Toyota Noah yake kwa maji ya sabuni. Hakugeuka.

"Gari inasimamaka wakati uzi inakatika," alijibu. "Shofere hana kosa."

"Uzi gani?"

"Ya ndani, juu ya moteri."

Hulda alifikiri kidogo. "Basi ni muzuri kama inasimama," akasema. "Cherehani yangu haisimamake. Uzi ikikatika inaendelea tu, inaharibu kitenge ya mutu." Akaenda zake kutwanga sombe.

Noah ile ilitoka Japani kwa meli, ikapanda toka Mombasa hadi mpaka wa Kasindi, ikafika Butembo ikiwa bado na ua dogo la karatasi kwenye kioo cha nyuma, lililobandikwa na mtoto wa kule. Mbusa, mume wa Emérence, aliinunua, akaitembeza mwaka mmoja, ini likamwua. Gari ikabaki kwa mjane. Ilikuwa gari njema. Redio yake ilikamata stesheni mbili tu, kwa sababu namba za Japani si namba za huku. Ukiwasha moteri, mwanamke mmoja alisema maneno ya Kijapani ndani ya dashibodi, kwa adabu, na abiria walizoea kumjibu "Amina". Zaidi ya hayo, hakukuwa na neno. Katika Butembo mtu haulizi umenunua gari ya aina gani. Anauliza: umenunua Toyota gani?

Nyuzi zilionekana wiki ya tatu ya Kwaresima. Shofere, Lukman, Mwislamu wa Beni aliyekuwa mtu wa kusema kidogo, alifungua kapo, kifuniko cha moteri, njiani ili aangalie maji. Akakuta nyuzi nyeupe zimetandwa juu ya moteri, toka upande mmoja hadi mwingine, zimenyooka. Moteri ilikuwa ya moto, nyuzi hazikuungua. Akazihesabu: kumi. Noah ina viti vinane, lakini siku ile, kama siku zote, walikuwa watu kumi pamoja na yeye. Wanawake wawili walipoteremka kwenye soko la njiani, akafungua tena. Zilikuwa nane. Akafunga kapo, akaendelea na safari, kwa kuwa abiria walikuwa na haraka.

Jioni Emérence alimwita Malachie, fundi ambaye amefungua Toyota za Butembo miaka ishirini na sita. Malachie aliinama, akagusa uzi mmoja kwa kidole. Ulilia kama waya wa gitaa.

"Hii hapana panne, gari haikuharibika," akasema. "Ni tabia ya ukoo."

"Ukoo gani?"

"Ya Toyota. Mama, bale batu mbele ya kutengeneza magari balikuwa banatengeneza mashini ya kufuma nguo. Muzee wao alivumbua mashini moja: uzi moja tu ikikatika, mashini inasimama yenyewe, juu kitambaa isiharibike. Kiisha mutoto wake njo akaanza magari. Baba zetu balipandisha kahawa na Toyota Stout, ikakuya Hilux, ikakuya Land Cruiser, Carina, Corolla. Yote ile nilifungua. Sikuonaka nyuzi." Alijipangusa mikono kwa kitambaa. "Lakini damu haipotee. Mutu anaweza kufanana na babu yake, si na baba yake."

"Nifanye nini?"

"Usizitie mafuta," akasema Malachie.

Uzi wa kwanza ulikatika Alhamisi iliyofuata. Gari ilikuwa imepita nusu ya njia ya Beni. Ilizima polepole, ikajisogeza kando ya barabara yenyewe, ikasimama. Lukman alifungua kapo, akaona uzi mmoja umekatika katikati, ncha zake mbili zimelegea. Abiria walifanya kama wanavyofanya siku zote gari ikiharibika: wakasimamisha gari iliyokuja nyuma, wakahamia humo na mizigo yao. Ndiyo desturi ya njia ile. Gari moja ikifa, nyingine inabeba. Hakuna mtu anayeketi kungojea. Sita walihamia ndani ya basi moja jekundu. Watatu walibaki na Lukman: mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa amelala, na hakutaka kumwamsha, pamoja na baba mzee aliyekuwa na kuku sita waliofungwa vibaya.

Baada ya saa nne, ncha mbili zilitafutana, uzi ukajifunga, gari ikawaka. Kwenye kona ya mikaratusi walikuta basi jekundu limeungua. Watu wa porini walikuwa wamekuja, wakaua, wakarudi porini. Lukman alivua kofia yake, akapita polepole. Mtoto hakuamka mpaka Beni.

Katika parking ya Butembo, mkubwa wa zamu, Syauswa, alifungua daftari lake na mbele ya namba ya Noah akaandika: panne mécanique, hitilafu ya mashine. Mara ya pili aliandika vilevile, na mara ya tatu. Kati ya waliohamia magari mengine, wengine walifika Beni salama, wengine hapana. Uzi haukusema ni wa nani. Ulisema tu kwamba kati ya wale kumi, ikiwa safari itaendelea, mmoja kitambaa chake kitaharibika.

Kufika Pasaka, gari ilikuwa imejifunza kusimama mapema. Haikungojea tena barabara. Abiria wakiisha kujaa, Lukman akigeuza ufunguo, ikiwa uzi umekatika, haiwaki. Syauswa akaanza kuiweka Noah mbele ya foleni kila asubuhi. Emérence alidhani ni heshima kwa mjane, akamshukuru Nyamuhanga, ndilo jina la Mungu kwa lugha yao.

Lukman ndiye aliyemfungua macho. Siku moja alimrudishia ufunguo, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, kila siku saa kumi na mbili na nusu, telefone ya Syauswa inalia. Anajibu neno moja. 'Imewaka.' Ao, 'Haikuwaka.'"

"Nani anamupigia?"

"Angalia ma camions, mama. Mimi si muangaliaji."

Emérence aliangalia. Siku tisa alifika parking baada ya misa, akaketi kwenye jiwe na rozari mkononi. Siku sita Noah iliwaka, na malori makubwa ya wafanyabiashara, yaliyojaa saruji na sabuni na vitenge, yalitoka moja baada ya jingine. Siku tatu Noah haikuwaka. Siku hizo malori yalibaki pale yalipolala, turubai zimefungwa, mashofere wanakunywa chai. Na siku hizohizo tatu Syauswa alisimama juu ya sanduku na megafoni yake, kama siku zingine:

"Beni, Beni, Beni! Njia ni safi! Panda, mama, kunabaki fasi moja!"

Magari madogo yakajaa, yakatoka.

Siku ya tisa Emérence alimfuata Syauswa hadi kibandani kwake. Syauswa ni mtu mpole, anaimba katika kwaya ya parokia, sauti ya chini. Alimpa kiti.

"Yaya Emérence, karibu," akasema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa.

"Syauswa, sabuni inabakia nyumbani, batu banaenda. Juu ya nini?"

Hakukana. Alifunga kalamu yake. "Ba patrons benye malori banauliza, minabajibia. Batu hawaniulizake."

"Basi baambie bila kuuliza. Uko na megafoni."

"Nikisema njia ni mubaya, kesho serikali itaniuliza nani alinipa kazi ya kuchunga njia. Nikisema njia ni muzuri, hakuna mwenye ananiuliza kitu." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Yaya, hii parking nayo iko na nyuzi yake."

Emérence alitoka, akasali rozari nzima njiani. Haikumtosha.

Jumatatu baada ya Pentekoste, Nadège alikuwa arudi Beni. Alikuwa mtoto wa pekee wa Emérence, mkunga katika kituo cha afya cha komuni ya Ruwenzori huko Beni, na alikuwa amekuja kupumzika siku nne. Mwenzake Jemima alibaki kituoni peke yake. Nadège alikuwa na miaka ishirini na saba, na mwendo wa baba yake, wa mtu anayechelewa. Mama yake alimwapisha kwa jambo moja tu, kwamba asipande gari yoyote isipokuwa Noah. Nadège alikubali, akamkalisha mama yake chini, akamsuka nywele.

Asubuhi ile alikaa kiti cha mbele, mfuko magotini. Wanane waliingia nyuma yake na kando yake, wakabanana. Lukman alisema bismillahi, akageuza ufunguo. Hakukusikika kitu. Akageuza tena.

Emérence alifungua kapo mwenyewe. Uzi wa tatu toka kushoto ulikuwa umekatika. Alishika ncha mbili, akazifunga fundo kama anavyofunga uzi wa kitenge, akalishikilia kwa muda wa Baba Yetu moja. Alipoachilia, fundo lilifunguka. Akafunga tena, la mara mbili, akasema Salamu Maria. Likafunguka.

Nyuma yake Syauswa alikuwa anaongea kwenye telefone, neno moja. Malori yalizima moteri. Kisha megafoni: "Beni, Beni! Njia ni safi! Benye kuwa mu Noah, iko panne kidogo, mukuye mupande hii Hiace!"

Ndipo Emérence alipopanda juu ya jiwe. Hakuwahi kusema mbele ya watu isipokuwa kanisani, siku za kusoma nia za misa.

"Batu ya Mungu," akasema, "musiende. Gari yangu imekataa. Hapana panne. Muangalie malori ya ba patrons: leo haitoke hata moja. Banajua. Beko banajua kila siku, na nyinyi hawabaambiake."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anafunga magunia yake juu ya Hiace alimgeukia bila hasira.

"Mama, asante. Lakini tunajuaka."

"Munajua?"

"Tangu Pasaka. Nani hajue hapa? Mi niko na bitunguu, siku ya tatu leo, inaoza. Ningojee uzi mpaka lini?"

"Mimi mukwe wangu yuko hospitali," akasema mwanaume mmoja.

"Mimi nilingojea juma ile yenye ilipita," akasema mwingine, "siku mbili. Bakaniibia kuku." Watu wakacheka kidogo, hata yeye. Kisha wakarudia mizigo yao. Wale waliokuwa nyuma katika Noah walianza kuteremka mmoja mmoja, wakimsalimia Emérence kwa heshima, na chini ya kapo nyuzi nzima zilianza kupungua: tisa, saba, tano. Ule uliokatika ulibaki. Wakabaki Nadège, Lukman, na bibi mmoja wa Vuhovi na kikapu chake. Nyuzi zikawa tatu, mbili nzima na mmoja wenye ncha mbili.

Emérence alikwenda mlangoni.

"Tungojee, mutoto wangu. Siku moja."

"Mama, Jemima yuko peke yake tangu siku ine. Kuko bamama babili benye mimba bananingojea mimi, moja iko na mapacha."

"Batangojea."

"Batoto hawangojeake, mama. Banazaliwa hata kama uzi imekatika."

"Kiapo chako?"

Nadège aliangalia Hiace. Kulibaki nafasi moja. Aliweka mkono kwenye mshikio wa mlango.

Emérence alirudi mbele ya gari kwa haraka. Nyuzi zilikuwa bado tatu. Mmoja ungeondoka mlango ukifunguka, na yeye angeuona ni upi, mzima au ule uliokatika. Alifunga kapo, akaibana kwa viganja vyote viwili.

"Lukman," akasema, "unipe ufunguo. Usijaribu kuwasha."

Lukman alimpa ufunguo kupitia dirishani, bila kumtazama. Bibi wa Vuhovi alifanya ishara ya msalaba, akabaki kwenye kiti chake.

Nadège aliteremka, akavaa mfuko mgongoni, akanyoosha kitenge chake. Alimshika mama yake bega, pale pale mbele ya kapo, kwa muda mfupi. Kisha akapita kati ya malori yaliyofungwa turubai, akielekea Hiace.