Kilatini cha Mzee Idarusi

Katika mahakama ya Tanga, mwaka 1954, Mzee Idarusi mkalimani alikuwa na kanuni yake mwenyewe: Kiingereza alikifasiri kwa Kiswahili, na Kilatini alikifasiri kwa Kiarabu. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba mawakili wakitaka jambo liwe zito huiacha lugha yao na kushika hiyo ya vitabuni, na ingekuwa aibu kuyamwaga maneno ya namna hiyo kwa lugha ya sokoni. Alikuwa mtu wa chuo cha Kurani, na alijipenda kidogo. Washtakiwa hawakuelewa Kiarabu, lakini hata hicho Kilatini wasingekielewa, kwa hiyo Idarusi hakuona kama kampunja mtu.

Asubuhi moja alisimama kizimbani Miraji, mkwezi wa minazi kutoka Tongoni, kwa shitaka la kuvunja ghala la karafuu la Mzee Shekhe, mfanyabiashara wa Kipemba. Shahidi pekee alikuwa amekwisha rudi Pemba na hapatikani. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema maneno mawili matatu ya Kiingereza, akamalizia kwa Kilatini: *nolle prosequi*. Maana yake, serikali inaiacha kesi. Akakusanya karatasi zake, akatoka kuvuta sigara. Hakimu, Mwingereza mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kuagiza chai, akaitikia kwa kichwa.

Ilitakiwa kusema "umeachiwa" tu, basi. Lakini Idarusi alisafisha koo, akashusha sauti.

"Al-amru lillah, wal-hukmu lillah."

Amri ni ya Mungu, na hukumu ni ya Mungu. Kwake tafsiri ilikuwa barabara: mahakama imejitoa, imemwachia Mola.

Miraji sauti ya namna ile alizoea kuisikia makaburini. Na wiki ileile mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za mtu wa Maramba aliyenyongwa. Akajua kahukumiwa kunyongwa. Akashika mbao za kizimba, akayageukia mabenchi, akafanya afanyalo kila mtu wa pwani anayejua kwamba safari imefika.

"Mzee Shekhe, shikamoo. Niwie radhi. Karafuu zako nilichukua miye. Usiniache niende na haki yako shingoni."

Shekhe, aliyekuwa akiapa siku zote kwamba lazima amwone huyu jela, alinyanyuka. Mtu anayekwenda kufa hanyimwi radhi.

"Nishakuwia, mwanangu, duniani na ahera," akasema, akijifuta macho. Mabenchi yakaitikia amina.

Hakimu akauliza kwa Kiingereza yule mtu amesema nini.

Hapo Idarusi akaogopa. Alikuwa ameapa kwa msahafu kufasiri kila neno, na alijua kesi iliyoachwa huweza kufunguliwa tena. Akisema kweli, Miraji ataingia jela kwa mlango aliomfungulia yeye Idarusi, kwa ajili ya kujipenda tu. Aliona haya, haya hasa. Akayatazama mabenchi. Wote waliosikia walikuwa wakimtazama, wala hakuna aliyefumbua mdomo.

"Anaagana na mzee wake, bwana," akajibu kwa Kiingereza.

Hakimu akasema hiyo ni adabu njema, akaita kesi inayofuata.

Idarusi akamgeukia Miraji. "Umeachiwa. Nenda zako nyumbani." Alisema kwa Kiswahili kitupu, cha sokoni. Hata hivyo ilibidi askari ambandue vidole kwenye mbao.

Mchana Mzee Shekhe alikuwa akimngoja mkalimani kwenye ngazi za nje.

"Kumbe hafi?"

"Hafi."

"Na karafuu kaiba yeye. Kasema kwa kinywa chake."

"Kasema."

Shekhe akautazama mwamvuli wake.

"Wewe ni msomi, Idarusi. Nitafutie neno, la Kilatini au la Kiarabu, la kuirudisha radhi yangu."

Idarusi alitafuta. Alitafuta kwa moyo wote, kwa kuwa mzee yule alikuwa amedhulumiwa mara mbili, na ya pili ilikuwa kazi yake.

"Halipo," akasema.